Afya ya mwanamke baada ya miaka 45: Pengo ambalo kliniki haijaliziba

Na Mwandishi Wetu

MWANAMKE wa Tanzania huifahamu kliniki tangu ujauzito wake wa kwanza. Huko hupimwa damu, mkojo, uzito na shinikizo la damu, hupewa chandarua na vidonge vya kuongeza damu, na kila anachopimwa huandikwa katika kadi. Baada ya kujifungua hurudi na mtoto mgongoni kwa ajili ya chanjo na mizani, na baadaye kwa ajili ya uzazi wa mpango. Kwa mwanamke mwenye watoto wanne au watano, uhusiano huo na wahudumu wa afya huweza kudumu kwa miaka 20.

Uhusiano huo hukatika pale anapoacha kuzaa. Hakuna kadi nyingine anayopewa, hakuna tarehe ya kurudi anayoandikiwa, wala hakuna muuguzi atakayeuliza kwa nini hakuonekana mwezi uliopita. Ni katika kipindi hichohicho ambapo mwili wake huingia katika mabadiliko makubwa, na maradhi yanayowaua au kuwalemaza wanawake wengi wa umri mkubwa huanza kimya kimya. Maradhi hayo ni pamoja na shinikizo la damu, kisukari, saratani ya shingo ya kizazi na ya matiti, udhaifu wa mifupa na upofu.

Makala haya yanaeleza maradhi hayo, dalili zake, vipimo vyake na mahali huduma zinapokwama. Hoja moja inajitokeza katika kila eneo: huduma za afya ya mwanamke zimejengwa kuuzunguka uzazi, ilhali mzigo mkubwa wa maradhi humfika baada ya uzazi kukoma.

Pengo la miaka 15

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kati yao wanawake wakiwa 31,687,990. Hapa nchini, kama ilivyo karibu kila mahali duniani, wanawake huishi miaka mingi zaidi kuliko wanaume. Maana yake ni kwamba wengi wao humaliza maisha yao wakiwa wajane, wakitegemea watoto au nguvu zao wenyewe.

Hata hivyo, takwimu za afya zinawafuata kwa nusu ya safari tu. Utafiti wa Kidemografia na Afya wa mwaka 2022, ambao ni miongoni mwa tafiti zinazotegemewa zaidi na wapanga mipango, ulitumia dodoso la wanawake kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Huo ndio umri wa kuzaa. Mwanamke wa miaka 50 anayeishi katika nyumba hiyohiyo, akipika na kulea wajukuu, hakuhojiwa katika dodoso hilo.

Kwa upande mwingine, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kuanzia umri huo ndipo linapokuja suala la matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo, pamoja na dirisha la wazee katika hospitali za umma.

Kati ya miaka 45 na 60, kwa hiyo, mwanamke huyu si mama mzazi tena na bado si mzee. Hiyo ni miaka 15 ambayo hana mlango wake maalumu katika mfumo wa afya. Kwa bahati mbaya, ndiyo miaka ambayo kipimo kidogo kinaweza kuzuia ugonjwa mkubwa.

Ukomo wa hedhi: mabadiliko, si ugonjwa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, ikiwa hakuna sababu nyingine kama vile ujauzito, kunyonyesha au dawa. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, hilo si la kawaida na humpasa mhusika kumwona daktari.

Chanzo chake ni ovari kupunguza uzalishaji wa homoni, hususan estrojeni. Kupungua huko hakutokei kwa siku moja. Miaka kadhaa kabla ya kukoma kabisa, hedhi huanza kuvurugika: mara huja karibu karibu, mara hupotea miezi miwili au mitatu, mara hutoka nyingi kuliko ilivyozoeleka.

Dalili nyingine ni joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, kutokwa na jasho jingi usiku, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, huzuni, kusahau na maumivu ya viungo. Uke huwa mkavu, hali inayoweza kusababisha maumivu wakati wa tendo la ndoa na maambukizi ya mara kwa mara ya njia ya mkojo. Wapo wanawake wanaopita kipindi hiki bila usumbufu mkubwa, na wapo ambao dalili huwasumbua kwa miaka kadhaa.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hufanana na za maradhi mengine. Jasho na homa za usiku humfanya mwanamke anywe dawa za malaria bila kupimwa. Huzuni na hasira huzaa ugomvi nyumbani, na mume asiyeelezwa kinachoendelea hudhani amechukiwa. Wengine huambiwa wamerogwa. Maelezo ya dakika kumi kutoka kwa muuguzi yangeepusha mengi kati ya hayo.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni kwamba kuvurugika kwa hedhi hakumaanishi kuwa mimba haiwezekani. Wataalamu wa uzazi wa mpango hushauri mwanamke aliye chini ya miaka 50 aendelee na kinga kwa miaka miwili baada ya hedhi yake ya mwisho, na aliyezidi miaka 50 aendelee kwa mwaka mmoja.

Kuhusu tiba ya homoni, historia yake imewachanganya wengi. Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, iliyohusisha wanawake zaidi ya 16,000, ilisitishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana ongezeko la saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda miongoni mwa waliotumia homoni mbili kwa pamoja. Madaktari na wagonjwa wengi duniani waliziacha dawa hizo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, yaani wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zamani.

Msimamo wa wataalamu leo ni kwamba, kwa mwanamke mwenye dalili kali, asiyezidi miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, faida mara nyingi huzidi madhara, mradi apimwe kwanza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwa kawaida hashauriwi kuzitumia. Si dawa za kununua dukani kwa kuelekezwa na jirani.

Damu inayorudi baada ya kukoma

Ikiwa kuna jambo moja ambalo kila mwanamke aliyekoma hedhi anapaswa kulikariri, ni hili: damu inayotoka ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi si ya kawaida. Iwe nyingi au tone, iwe mara moja au kila baada ya tendo la ndoa, inahitaji uchunguzi wa daktari ndani ya siku chache.

Mara nyingi chanzo huwa chepesi, kama vile uke kuwa mkavu au vinyama visivyo na madhara. Lakini damu hiyo inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi. Wanawake wengi huifurahia, wakiamini kuwa ujana umerudi. Wengine huona aibu kuisema mbele ya watoto wao. Miezi hupita, na wanapofika hospitali ugonjwa huwa umeshasambaa.

Saratani ya shingo ya kizazi, ambayo wengine huiita ya mlango wa kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa zaidi ya wanawake 10,000 hugundulika nayo kila mwaka Tanzania, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia. Husababishwa na kirusi cha papiloma (HPV) ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, huchangia takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Kutoka maambukizi hadi saratani huweza kupita miaka 15 hadi 20. Ndiyo maana anayeambukizwa akiwa kijana huugua akiwa mtu mzima.

Muda huo mrefu ndio nafasi ya kuokoa maisha. Mhudumu hupaka siki isiyo kali kwenye shingo ya kizazi, na baada ya dakika moja sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, kabla hayajawa saratani.

Hapa pia umri unaleta ugumu. Miongozo ya uchunguzi nchini imewalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Zaidi ya hapo, kipimo cha siki hupoteza uwezo wake, kwa sababu baada ya hedhi kukoma sehemu inayotakiwa kuonekana huingia ndani. Anayefaa kwa umri huo ni mgonjwa wa kupimwa kwa njia nyingine, ikiwamo kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV, ambacho WHO ilikipendekeza mwaka 2021 kuwa njia ya kwanza ya uchunguzi. Mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba.

WHO inashauri kuwa mwanamke aliyepimwa mara mbili mfululizo na kukutwa salama anaweza kuacha baada ya miaka 50. Lakini aliye kati ya miaka 50 na 65 ambaye hajawahi kupimwa hata mara moja apewe kipaumbele pale huduma inapokuwapo. Katika mazingira yetu, hao ni wengi.

Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na kuwa ya dozi moja mwaka 2024, inawalinda wasichana wa leo. Mama na bibi zao haiwahusu tena. Kinga yao ni kipimo.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana hatari kubwa zaidi, takriban mara sita ya wengine. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi (ARV) ulianza mwaka 2004. Mwanamke aliyeanza dawa hizo akiwa na miaka 30 sasa amevuka 50, jambo ambalo ni mafanikio makubwa. Lakini naye amefikia ukomo wa hedhi, na kliniki yake ya dawa inapaswa kumpima shingo ya kizazi, shinikizo la damu na sukari pamoja na wingi wa virusi.

Uvimbe usiouma

Uwezekano wa kupata saratani ya matiti huongezeka kadiri umri unavyosogea, ingawa katika Afrika huwapata pia wanawake wengi walio chini ya miaka 50. Dalili inayopuuzwa zaidi ni uvimbe usiouma. Kwa kuwa hauumi, mwanamke huusubiri. Dalili nyingine ni ngozi ya titi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa majimaji yenye damu, kidonda kisichopona na uvimbe kwapani.

Mwanamke ajizoeze kuyajua matiti yake, na kila mabadiliko ayapeleke kituoni bila kupitia kwanza kwa mganga au kwa dawa za kupaka. Mashine za mamografia ziko katika hospitali chache kubwa, lakini muuguzi au daktari aliyefunzwa anaweza kuyachunguza matiti kwa mikono katika kituo cha afya na kutoa rufaa. Matibabu ya saratani hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na pia katika hospitali za rufaa kama Bugando mkoani Mwanza na KCMC mjini Moshi.

Presha na sukari: wauaji wasiopiga hodi

Wengi huamini kuwa maradhi ya moyo ni ya wanaume. Ukweli ni kwamba duniani kote maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua wanawake. Kabla ya ukomo wa hedhi, estrojeni humpa mwanamke kiasi fulani cha kinga. Inapopungua, mafuta mabaya katika damu huongezeka, unene huhamia tumboni na shinikizo la damu hupanda.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Wengi hawakuwa wakijua. Ugonjwa huu hauna maumivu, na mara nyingi taarifa ya kwanza huwa kiharusi: mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Hapo si wakati wa kutafuta mchawi. Ni wakati wa kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Dalili za shambulio la moyo kwa mwanamke zinaweza kutofautiana na zile zinazojulikana. Pamoja na maumivu ya kifua, huweza kuhisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, kukosa pumzi, au maumivu ya taya, mgongo na bega. Kwa sababu hiyo baadhi hupewa dawa za vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani.

Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, likipimwa zaidi ya mara moja kwa siku tofauti, linahitaji kushughulikiwa. Dawa zake nyingi ni za bei nafuu, lakini hunywewa kila siku. Kuziacha kwa sababu "presha imeshuka" ni kosa, maana imeshuka kwa sababu ya dawa.

Mwanamke aliyepata shinikizo la damu au kisukari wakati wa ujauzito anabeba hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi hayo baadaye maishani. Taarifa hizo ziliandikwa katika kadi yake ya kliniki. Kama kadi hiyo ingekuwa na mwendelezo, angeitwa kupimwa kabla ya kuugua.

WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano kunatosha.

Mifupa inayovunjika kwa kujikwaa

Estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa pia. Inapopungua, mifupa hupoteza madini yake kwa kasi, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya ukomo wa hedhi mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yake. Hakuna maumivu yanayomwonya. Hugundua siku anapojikwaa kwenye kizingiti na kuvunjika kifundo cha mkono, au anapoteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Wengine hupungua urefu na kuota kibiongo kwa sababu pingili za uti wa mgongo zimebonyea.

Kuvunjika nyonga katika umri mkubwa ni jambo zito. Huhitaji upasuaji, na anayebaki kitandani bila kutibiwa hukabiliwa na vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za madini ya chokaa kwa siku. Vyanzo vilivyo karibu ni maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yake, ufuta na mboga za majani. Jua la asubuhi husaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kutembea, kulima na kubeba uzito wa kadiri huimarisha mifupa, ilhali pombe na tumbaku huidhoofisha. Taa ya kutosha usiku, sakafu isiyoteleza na kishikio ukutani chooni ni kinga zisizohitaji daktari.

Maradhi ya aibu

Uzazi mwingi, uchungu wa muda mrefu na kazi za kubeba mizigo mizito huacha alama katika misuli inayoshikilia kibofu na kizazi. Umri unapoongezeka, misuli hiyo hulegea zaidi. Matokeo yake ni mkojo kuvuja wakati wa kucheka, kukohoa au kuinua ndoo, na kizazi kushuka hadi mwanamke akahisi kitu kinatokeza ukeni.

Wanawake wengi huishi na hali hiyo kwa miaka wakiwa wamefunga vitambaa. Huacha kwenda msikitini au kanisani, huacha safari za basi, huacha vikoba na harusi, kwa kuhofia harufu. Hawaambii mabinti zao, na mabinti hudhani mama amekuwa mpweke kwa sababu ya umri.

Hali hizi zina tiba. Zilizo nyepesi hupungua kwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, kwa sekunde kadhaa mara nyingi kwa siku. Kizazi kilichoshuka huweza kushikiliwa kwa pete maalumu inayowekwa ukeni, na kilichoshuka sana hurekebishwa kwa upasuaji. Mkojo unaotoka mfululizo bila kukoma unaweza kuwa fistula, nayo hutibika hata kama imedumu miaka mingi.

Macho mekundu na kifo cha kikatili

Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikuu cha upofu kwa wazee, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Ugonjwa wa vikope nao huwapofusha wanawake hadi mara nne zaidi ya wanaume, hasa kwa sababu wao ndio walezi wa watoto wadogo wenye maambukizi. Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa kwa miaka mingi kutokana na ugonjwa huo.

Moshi wa kuni, mkaa na samadi humwongezea mwanamke mateso. Aliyepika kwa miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha huwa na mapafu dhaifu na macho mekundu. Katika baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa na Magharibi, ikiwamo Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu na Tabora, wekundu huo umechukuliwa kuwa ishara ya uchawi, na vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma hiyo. Ni mfano mchungu wa jinsi tatizo la afya lisilotibiwa linavyogeuzwa kuwa hatia ya mgonjwa.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga kuwafikia Watanzania asilimia 80. Mitungi na majiko hayo yakianza na nyumba za vijana peke yao, aliyeumizwa zaidi na moshi atabaki wa mwisho.

Nani analipa?

Matibabu bure kwa wazee yamewasaidia wengi kumwona daktari. Malalamiko ya muda mrefu ni kwamba baada ya kumwona daktari, mzee huelekezwa kununua dawa nje kwa sababu bohari ya hospitali haina. Kwa maradhi ya kudumu, dawa ya mwezi mmoja isiyopatikana maana yake ni mwezi mmoja wa hatari.

Kwa walio chini ya miaka 60 hali ni ngumu zaidi. Bima ya Taifa ya Afya (NHIF), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ilianza na watumishi wa umma na wategemezi wao. Mkulima, mama lishe na muuza mboga wa sokoni walibaki nje, au katika Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ambao ulipoboreshwa ulitoza kaya ya watu hadi sita Sh30,000 kwa mwaka. Mwanamke aliyeachika au mjane ambaye bima yake ilipitia kwa mume hujikuta hana kadi wakati anapoihitaji zaidi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ina lengo la kuondoa ubaguzi huo. Kipimo cha mafanikio yake kwa kundi hili kitakuwa rahisi kukitambua: je, mwanamke wa miaka 52 asiyeumwa popote anaweza kwenda zahanati kupimwa bila kulipa? Bima inayolipia saratani lakini hailipii kipimo chake itatumia fedha nyingi kuokoa wachache.

Vipimo vya kuulizia kituoni

Mwanamke asiye na dalili yoyote aulizie yafuatayo:

Shinikizo la damu: angalau mara moja kila mwaka kuanzia miaka 40.

Sukari na uzito: kila mwaka, hasa kwa mwenye kitambi, mwenye ndugu wa damu mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kisukari cha mimba.

Shingo ya kizazi: kuanzia miaka 30, na kuanzia miaka 25 kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi. Aliyevuka miaka 50 na hajawahi kupimwa aulizie kipimo cha HPV.

Matiti: uchunguzi wa mhudumu kila mwaka, na mara moja kunapokuwa na mabadiliko.

Macho: kila baada ya mwaka mmoja au miwili kuanzia miaka 40, ikiwamo presha ya macho.

Virusi vya Ukimwi: umri si kinga, na mjane anayeingia katika uhusiano mpya anahitaji kupimwa kama kijana.

Damu baada ya kukoma hedhi, uvimbe titini, kupungua uzito bila sababu, kidonda kisichopona au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili havisubiri tarehe ya kipimo cha mwaka.

Mengi kati ya haya hayahitaji mitambo ya mamilioni. Zahanati nyingi tayari zina mashine ya kupimia shinikizo la damu na mizani, na muuguzi anayejua kuzitumia. Kinachokosekana ni mwaliko. Kliniki ya mama na mtoto ilifanikiwa kwa sababu ilimwandikia kila mama tarehe ya kurudi. Hakuna kinachoizuia kumwandikia tarehe nyingine siku anapomaliza uzazi wa mpango.

Hadi hilo litakapofanyika, jukumu linaangukia familia. Watoto waliopelekwa kliniki mgongoni sasa ni watu wazima wenye simu na nauli. Mama anaposema kuwa maumivu yake ni utu uzima tu, asiachwe na jibu hilo. Aulizwe mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini, na kama jibu ni wakati wa ujauzito wa kitinda mimba, apelekwe wiki hii.